Mstari wa Maji Ukutani



Barua iliyotufikia majuma mawili yaliyopita ilitoka Garsen. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mjane aliyekwisha maliza eda yake. Warithi wamekubaliana kuiuza nyumba ya marehemu ili kila mmoja apate fungu lake, na dalali amempata mtu wa Malindi atakaye kuja kuiona siku ya Jumamosi. Shemeji yake mama huyu, ambaye ndiye aliyeishika shughuli, amekwisha nunua ndoo mbili za rangi. Asema kuta za ndani hazina budi kupakwa kabla ya mgeni kufika, kwani zina mstari wa rangi ya udongo unaozunguka vyumba vyote, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Mstari huo haukuchorwa na mtu. Uliachwa na maji ya mto Tana.

Mama auliza mambo mawili. Kuipaka rangi nyumba yako mwenyewe kwaweza kuwa dhambi? Na ikiwa mstari utaachwa, bei ikaanguka, na mayatima wakapata pungufu, je, lawama hiyo itakuwa ya nani?

Siku zilikuwa chache, tukamjibu kwa maneno machache. Leo twalirudia jambo lenyewe kwa nafasi, kwa kuwa si la mama huyu peke yake. Kila aila inayomfungulia mnunuzi mlango hulikuta, iwe Hola, Tarasaa, Ngao au Kipini.

Kwanza tuseme kwa nini mstari ule una uzito. Mtu wa Malindi akija Garsen mwezi wa Januari atakuta vumbi, jua kali na ardhi iliyopasuka. Hatadhani kuwa maji yaweza kufika pale. Lakini Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake hukusanywa Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakateremka nyika yote mpaka kwetu. Mvua ikishika huko bara na Masinga ikafurika, sisi twaweza kugharikishwa na mbingu yetu iko safi, haina wingu. Wazee husimulia ya mwaka 1961. Walio na umri wa makamo wayakumbuka ya 1997 na 1998. Vijana wameyaona wenyewe ya 2018, na ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata hata barabara ya Lamu, na ya 2024 yaliyofuata kabla watu hawajamaliza kukausha magodoro. Mnunuzi mgeni hana kumbukumbu hii. Kumbukumbu pekee aliyowekewa ni ule mstari.

Sasa tuitazame sheria. Watu wengi hudhani kwamba kumwonyesha mnunuzi nyumba ni ada tu, au ni ufundi wa dalali. Katika madhehebu yetu ya Kishafi'i si hivyo. Kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Kuona ni sharti la mauzo yenyewe. Na wanazuoni waliousherehesha Minhaj wa Imam Nawawi hawakuliacha neno hili juu juu, bali walitaja nini hasa kionekane katika nyumba: vyumba, dari, mapaa, kuta za ndani na za nje, mahali pa kuogea, shimo la maji machafu, hata njia ya kufikia nyumba. Tulipoisoma orodha hii tulitabasamu, kwa kuwa ni mahali pale pale ambapo madalali wetu hupapitisha mgeni mbio mbio. Dalali humkalisha mnunuzi barazani penye upepo, akamnywesha maji ya baridi, akamsifia milango. Mafakihi wao walimpeleka shimoni.

Kwa hiyo matengenezo ya nyumba kabla ya kutazamwa yana kusudi moja, nalo ni kumwezesha mnunuzi kuona vyema. Chochote kimsaidiacho kuona ni katika usafi na murua. Chochote kimzuiacho kuona ni ghishi, hata kikiwa ni rangi nzuri ya bei ghali.

Sote twaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikatoka na umajimaji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua iliyoipata. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika safu yake. Twaomba dada zetu waitafakari habari hiyo wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wa nyumba ya Garsen. Kosa la muuzaji yule halikuwa unyevu. Unyevu ulitoka kwa Mwenyezi Mungu, kama mafuriko yatokavyo kwake. Kosa lilikuwa kuweka kikavu juu.

Ipo na habari nyingine iliyo karibu zaidi na watu wa Tana, ambako mnada wa mifugo si jambo la kuelezwa. Mtume alikataza mtu kumwacha ngamia au mbuzi bila kumkama siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi akione akadhani ndivyo alivyo kila siku. Aliyedanganywa hivyo akapewa hiari: akitaka amweke mnyama, akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Mafakihi wakaipanua hukumu hiyo nje ya wanyama. Wakataja mwenye kuyazuia maji ya mfereji au ya kinu, kisha akayafungulia saa ya kuuza ili yaonekane mengi. Huyo naye mnunuzi wake ana hiari. Hakuna Muorma wala Mwardei asiyejua kiwele kilichofungwa kikoje, na hakuna atakayemsifu mfungaji. Basi rangi iliyopakwa Ijumaa usiku juu ya mstari wa maji, kwa ajili ya mgeni wa Jumamosi, ni kiwele kilichofungwa.

Wengine hujificha nyuma ya neno moja: nauza kama ilivyo, mimi simo tena. Neno hilo halimtoi muuzaji. Kwa kauli iliyo dhahiri katika madhehebu yetu, kujivua aibu zote kwa sharti hakumfai muuzaji wa nyumba aliyekuwa akiijua aibu. Mnunuzi akiigundua baadaye, ana haki ya kuirudisha nyumba. Tafakarini basi hali ya mayatima: fedha imekwisha gawanywa, ada za shule zimelipwa, mabati ya nyumba mpya yamenunuliwa, na mtu wa Malindi amerudi na shauri mkononi.

Tukija kwenye kazi yenyewe, isidhaniwe kwamba twawaambia watu waonyeshe nyumba chafu. La. Nyumba chafu nayo huficha. Mnunuzi hataona sakafu iliyofunikwa na matandiko, wala hatajua ukuta ulivyo ikiwa makabati yameegemea kila upande.

Matope ya Tana ni laini kama unga uliochekechwa. Hubaki kwenye bawaba za milango, nyuma ya kabati la vyombo, chini ya jiwe la mlangoni, na ndani ya soketi za umeme. Yaondolewe yote. Soketi zilizofikiwa na maji zikaguliwe na fundi wa umeme kabla mgeni hajaletwa, na zile mbovu zibadilishwe. Gharama yake si kubwa, na mtoto wa mnunuzi hatakuwa na kosa lolote siku atakapotia kidole. Lipu iliyovimba igongwe kwa fundo la kidole: ikitoa sauti ya uwazi, imekwisha achana na ukuta. Hapo ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke sawasawa, ndipo ipigwe lipu mpya. Wako wanaopiga lipu juu ya ukuta uliolowa kwa haraka ya kuuza. Chumvi hutoka ndani, na baada ya miezi michache lipu yote huanguka kama magamba. Kutengeneza ni kuondoa ubovu, na hilo lina thawabu. Kuufunika ni jambo jingine.

Nyufa nazo zina elimu yake. Sehemu nyingi za bonde la Tana zina ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba hutikiswa pamoja nao. Ufa mdogo kama unywele hausumbui. Ufa unaoingia kidole, tena ukipanda kama ngazi kutoka tofali hadi tofali, ni habari ya msingi. Usiuzibe kwa saruji asubuhi ile. Uache, useme ulianza lini.

Nje, miche ya mathenge ing'olewe kabla haijashika kuta na kabla miiba yake haijamtoboa mgeni kiatu. Ua ufagiliwe. Mtaro wa kutolea maji ufukuliwe, kwani mtaro ulio wazi humwonyesha mnunuzi maji huelekea wapi yaondokapo. Shimo la choo lifunuliwe wakati wa kuonyeshwa, na ikiwa lilijaa au kubomoka katika mafuriko, lisemwe. Maji ya kisima yatekwe na kuonjwa mbele yake. Visima vingi vya upande wetu vina chumvi, na hakuna fedheha kusema kwamba mnaoga kwayo na kunywa ya mfereji. Tangi lisijazwe makusudi ili bomba limwagike kwa nguvu. Mmekwisha sikia habari ya kinu.

Kuhusu udi, tutasema neno moja ingawa twajua baadhi ya mama zetu watanuna. Udi hufukizwa kumkirimu mgeni, na nyumba yenye harufu njema ni sunna inayopendeza. Lakini chumba chenye uvundo wa unyevu kifunguliwe madirisha tangu asubuhi, upepo upite. Ikiwa baada ya upepo uvundo ungalipo, mnunuzi ana haki ya kuunusa. Fukizeni udi ukumbini, mkiacha chumba kile bila moshi.

Na rangi? Hatusemi ndoo zile mbili zitupwe. Nyumba yaweza kupakwa rangi kwa ajili ya wanaokaa ndani, na watu wa Garsen hupaka chokaa kila baada ya maji kupungua, si kwa kumdanganya mtu bali kwa kuchoka kuitazama huzuni. Tulimshauri mama apake vyumba vyote akipenda, ila auache ukuta mmoja kama ulivyo, ule ulio karibu na stoo, na pembeni ya mstari aandike mwaka kwa penseli. Sisi twaona hivyo ni bora kuliko kutegemea ulimi, kwa sababu ulimi husahau mbele ya mtu mwenye fedha mkononi. Mwanachuoni mwingine aweza kusema kuambiwa kwatosha. Hatubishani naye, bora tu asiambiwe kwa kunong'onezwa.

Swali la pili la mama ndilo zito. Shemeji yake si mtu mbaya. Ana hofu ya bei, na hofu hiyo ni ya haki, maana msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa kuitupa kwa bei ya kutupa. Surat an-Nisaa imewatisha vikali wanaozila mali za mayatima. Lakini hesabu yake imekosea mahali pamoja. Anadhani mstari ule unayapunguza mali ya mayatima. Ukweli ni kwamba fedha ya ziada itakayopatikana kwa kuuficha haikuwa mali yao kamwe. Ni mali ya mtu wa Malindi, ambayo wao wangelishwa bila kujua. Na Mtume amefundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha, baraka hufutwa. Nani atakaye kuwalisha watoto wa nduguye kilichofutwa baraka?

Bei yaweza kushuka, hatumfichi mama jambo hilo. Lakini ziko njia za halali za kuitetea. Nyumba ile ilisimama katika maji na haikuanguka, ilhali nyingi za udongo na miti ziliyeyuka. Hiyo ni sifa, na isemwe. Aonyeshwe mnunuzi msingi ulivyoinuliwa, siku ngapi maji yalikaa, yalitoka kwa njia gani, na rafu ya saruji iliyojengwa juu ya mstari ambako marehemu aliweka vitabu na unga. Mtu anayejua maji yatafika wapi huweza kujiandaa. Aweza kupandisha soketi, kununua kitanda kirefu, kujenga ghorofa ya mbao. Mtu asiyejua hulala chini.

Yabaki mambo ya sitara, na hapa tuna malalamiko. Madalali wamezoea kuwaleta watu bila taarifa, saa ya adhuhuri mama yuko jikoni na kanga moja, au magharibi watu wanatawadha. Surat an-Nur imeamrisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yako, na ukiambiwa rudi, urudi. Kuiweka nyumba sokoni hakuiondolei hukumu hiyo. Wekeni siku na saa. Asubuhi baada ya saa tatu ni bora: mwanga ni mwingi na wanawake wamekwisha maliza kazi za uani. Mahram mmoja ampokee mgeni na kumtembeza. Mjane asiachwe peke yake na dalali, hata kama dalali ni mtu wa msikiti huo huo.

Picha za simu ndizo zinazotuudhi zaidi. Dalali huingia chumba cha kulala, akapiga picha kitanda, chandarua na nguo zilizotundikwa, na kabla ya alasiri zimezunguka Mombasa na Lamu. Picha zipigwe chumba kikiwa kitupu, kwa idhini. Vitambulisho, dawa, vito na picha za marehemu viondolewe na kufungiwa. Misahafu iwekwe juu, mahali pake pa heshima.

Na mnunuzi aombwe aje na mkewe. Mume hutazama paa na kitasa, akaridhika. Mke huuliza moshi wa jiko hutokea wapi, nguo huanikwa wapi bila kuonekana na wapita njia, mtoto akienda msalani usiku atapita wapi. Akae na mama wa nyumba peke yao, nusu saa, na hapo yatasemwa yote ambayo wanaume barazani hawakuyafikiria.

Mwisho ni karatasi, ambazo zastahili kuwa mezani kabla chai haijamiminwa. Nyumba ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, na kwa Waislamu mlango wa kupitia ni kwa Kadhi. Ikiwa miongoni mwa warithi wako watoto wadogo, Kadhi aulizwe kama mauzo yenyewe yafaa, maana aqari ya yatima haiuzwi ila kwa haja au maslahi yaliyo wazi. Kama kuna hati miliki, iwepo. Kama ni barua tu ya kugawiwa kiwanja, kama ilivyo kwa wengi Garsen, mnunuzi aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, wala asiachwe adhani hati ipo njiani.

Mama ametuandikia tena juzi. Shemeji alikasirika siku moja, kisha akapaka vyumba vyote na kuuacha ukuta wa stoo. Mtu wa Malindi alikuja na mkewe, akasimama mbele ya mstari muda mrefu, akaupima kwa mkono wake. Mkewe aliuliza zaidi habari za kisima. Wametoa bei iliyo chini ya ile aliyoitaka dalali, wakaomba wapewe nafasi mpaka masika yapite, waje waone wenyewe maji yanafika wapi. Warithi wangali wanashauriana.